Ndani ya Nyumba za Bara: Sanaa ya Mapambo Likoni, Changamwe na Kisauni

Mapambo ya ndani ya nyumba katika Mombasa bara yana kanuni moja inayoonekana Likoni, Changamwe na Kisauni: vitu vya asili nyingi hukusanywa, kisha vikapewa utaratibu wa nyumba moja. Zulia lililofumwa Uturuki hutandikwa mbele ya kochi lililoundwa na seremala wa Magongo, Changamwe. Saa iliyotoka China hutundikwa kando ya aya ya Kurani iliyotiwa fremu. Chetezo cha udongo hufukiza udi wa Ghuba chini ya dari ya jipsam yenye taa za rangi. Mgeni wa mara ya kwanza huona wingi. Mwenye nyumba anajua kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo. Ni sanaa ya kifahari hata pale fedha zilipo chache, na wabunifu wake ni wengi: maseremala, mafundi wa jipsam, washonaji, wachongaji, na zaidi ya wote akina mama wenye nyumba.

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na bara pande tatu. Likoni iko kusini, ng'ambo ya mlango wa Kilindini, na huendewa kwa feri. Changamwe iko magharibi, ng'ambo ya hori la Makupa, kwenye njia ya reli na barabara ya Nairobi. Kisauni iko kaskazini, ng'ambo ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Wasafiri wanaotafuta uzuri wa nyumba za Waswahili huelekezwa Mji wa Kale au Lamu, na pande hizi tatu hupitwa tu njiani. Mwandishi wa makala haya alizipitia kwa mpangilio huu: kusini, magharibi, kisha kaskazini, na baada ya chanzo cha mtindo, maelezo yanafuata njia hiyo.

Chanzo cha mtindo

Desturi ya kupamba chumba kwa vitu vya mbali ni ya kale katika pwani hii. Mnamo Agosti 1505 kikosi cha Wareno kikiongozwa na Francisco de Almeida kiliuvamia mji wa Mombasa, kikaupora na kuuchoma. Maelezo yaliyoandikwa wakati huo yanataja nyumba za ghorofa zilizopakwa chokaa, nguo za hariri na dhahabu, na mazulia mengi. Zulia moja lilionekana kuwa zuri kupita yote, likapelekwa kwa mfalme wa Ureno pamoja na vitu vingine vya thamani. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia tano iliyopita, chumba cha tajiri wa Mombasa kilikuwa na kitu cha kumtamanisha mfalme wa Ulaya.

Ushahidi wa ardhini unakubaliana na maandishi. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimbua magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, nyumba alizozifukua zilipewa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Mkasi. Orodha hiyo peke yake ni ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi. Karibu zaidi na Kisauni, ng'ambo ya hori la Mtwapa, yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, wenye kuta zinazoonyesha bado mpango wa vyumba vilivyofuatana kutoka mlango wa mbele hadi faragha ya nyuma.

Mtindo huu ulifikia kilele chake katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18. Boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi kubwa, kwa kawaida hazizidi mita tatu hivi. Chumba kikalazimika kuwa chembamba na kirefu, na pambo likakusanywa katika ukuta wa mwisho unaotazamwa na anayeingia. Hapo ndipo mafundi walipojenga zidaka, yaani safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa maua na mikufu, vikapandana kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Ndani ya kila kidaka kiliwekwa kitu: sahani ya kauri ya China, bakuli la Uajemi, chupa ya marashi, msahafu. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid ameeleza kwamba zidaka na kauri zilichukuliwa pia kuwa kinga ya nyumba, hasa katika chumba cha ndani, palipohusika na uzazi na mauti. Pambo lilikuwa na kazi.

Samani zilifuata mkondo huohuo. Kiti cha enzi kiliundwa kwa mpingo, kikatiwa vipande vya pembe na kusukwa kwa kamba. Kasha la kuwekea nguo, lililopigiliwa misumari na mabamba ya shaba, lilitoka Bara Hindi au liliigwa kutoka huko. Katika karne ya 19 viliongezeka vioo vikubwa, saa za ukutani na taa za kuning'inia kutoka Ulaya. Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu miji ya bandari ya Waswahili, anaonyesha kwamba vitu hivyo vya kigeni vilikuwa lugha ya heshima ya wenyeji wenyewe: mwenye nyumba aliutangaza uungwana wake kwa namna alivyoupanga ulimwengu ukutani mwake. Kanuni hiyo haikufa nyumba za mawe zilipopungua. Ilihama, ikaingia katika nyumba za udongo, za matofali na za kupanga.

Likoni: ukumbi, mkeka na leso

Likoni ni nchi ya Wadigo, na mitaa yake bado ina nyumba nyingi za mpango unaojulikana pwani nzima kuwa nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Mlango wa kati unaingia katika ukumbi mrefu unaoikata nyumba hadi uwani. Kila upande wa ukumbi kuna vyumba, mara nyingi vitatu kwa vitatu. Uwani ndiko liliko jiko, choo na mahali pa kuanikia. Kuta ni za miti na udongo au za mawe madogo ya matumbawe, zikapakwa chokaa au saruji. Paa ni la makuti au mabati. Upepo wa bahari huingia kwa mlango wa mbele ukatokea uwani, na kwa sababu hiyo mapambo ya ukumbini hupangwa kandokando ya kuta ili njia ya hewa na ya watu isizibwe.

Sakafu ndiyo inayopambwa kwanza. Mkeka wa miyaa hutengenezwa kwa majani ya mkoma yaliyokaushwa, yakachanwa na mengine kutiwa rangi. Mwanamke husuka ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, kisha tepe hizo hushonwa pamoja hadi mkeka ukamilike. Mpangilio wa rangi katika ukili mmoja ukishonwa kando ya mwingine huzaa mistari, pembe na miraba ambayo msukaji lazima awe ameiona kichwani kabla hajaanza. Mkeka mpya hutunzwa kwa wageni. Uliochakaa huenda uwani. Jamvi, lililosukwa kwa ukili mpana na mzito, hutumika kwa kazi na mikutano. Katika nyumba moja, mikeka mitatu ya umri tofauti huonyesha mipaka mitatu ya heshima.

Leso inafuata. Vazi hili la wanawake wa pwani lina kazi nyingi ndani ya nyumba: shuka, kitambaa cha meza, pazia la mlango wa chumba, kifuniko cha masanduku. Mombasa ina historia ndefu ya biashara ya leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887 na lipo hadi leo kisiwani. Kwa kuwa kila leso ina pindo, mji na jina, ikitundikwa mlangoni huleta ndani ya chumba fremu, mchoro wa kati na maneno, vitu vitatu ambavyo mpambaji mwingine angelazimika kuvitafuta mbalimbali. Maneno hayo pia humwambia mgeni jambo ambalo mwenyeji hataki kulitamka.

Kitanda hukamilisha chumba. Kitanda cha mbao chenye nguzo nne hubeba chandarua, na chandarua hicho, kilichowekwa kwa ajili ya mbu, hufungwa mchana kwa utepe na kuwa pambo. Chini ya kitanda huhifadhiwa vyombo vya harusi na nguo za Idi. Juu ya meza ndogo pembeni hukaa mrashi, chetezo na kikopo cha udi.

Uzuri wa vyumba hivi hauelezeki bila suala la ardhi. Baada ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda wa pwani iliandikishwa kwa majina ya wachache, na wenyeji wengi wakabaki bila hati. Hivyo ndivyo ulivyokomaa mtindo wa Mombasa unaoitwa nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na paa, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja mwaka hadi mwaka. Familia iliyo katika hali hiyo ina sababu ya kutotia mali yake yote katika mawe. Mkeka, leso, kitanda cha kufunguka, kabati na zulia vinaweza kuhamishwa siku yoyote. Mapambo yanayochukulika ni akiba, na ni ushahidi wa akili ya watu waliojenga umaridadi juu ya udongo usio wao.

Changamwe: chumba cha kumi kwa kumi

Changamwe ilikua kwa kazi. Reli, bandari, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, vilileta wafanyakazi kutoka Ukambani, Taita, Magharibi, Nyanza na kwingineko. Wengi walipanga chumba kimoja katika nyumba ndefu zenye milango inayotazamana. Chumba hicho hujulikana kwa kipimo chake, kumi kwa kumi, yaani futi kumi kila upande. Kwa bahati, upana huo ni karibu zile mita tatu ambazo boriti za mikoko ziliwawekea mafundi wa Lamu. Tatizo la ubunifu ni moja: kutia maisha mengi katika nafasi nyembamba bila kupoteza staha.

Jawabu la Changamwe ni pazia. Pazia moja refu, linaloning'inia kwenye waya uliofungwa ukutani kwa ukuta, hukigawa chumba sehemu mbili: nyuma kitanda, mbele sebule. Uchaguzi wa kitambaa chake ni jambo kubwa kuliko samani, kwa sababu pazia ndilo ukuta mkubwa zaidi anaouona mgeni. Mapazia mengi hununuliwa mitumba, yakakatwa na kushonwa upya na fundi cherehani wa mtaani, ambaye huongeza marinda juu na kamba za kufungia pembeni. Upande wa sebule huwekwa neti nyepesi mbele ya kitambaa kizito ili mwanga upite mchana na faragha ibaki usiku.

Baada ya pazia huja vitambaa. Hivi hufumwa kwa sindano ya ndoana na wanawake wenyewe, kwa uzi mweupe au wa rangi mbili, katika maumbo ya maua, nyota na tausi. Vingine hutiwa maji ya sukari au wanga ili vikauke vikiwa vimesimama. Huwekwa juu ya migongo ya makochi, mikono ya viti, redio, televisheni na meza. Kazi yake ya kwanza ni kukinga: jasho na mafuta ya nywele huharibu kitambaa cha kochi upesi katika joto la pwani. Kazi ya pili ni kuunganisha. Makochi yaliyonunuliwa kwa nyakati tofauti, meza ya mbao na stuli ya plastiki, vikivikwa seti moja ya vitambaa huonekana vya ukoo mmoja. Hakuna mbinu rahisi na ya maana kuliko hiyo katika ufundi wa mapambo, na imekuzwa na watu ambao hawakupata kuitwa wabunifu.

Ukutani kuna kabati la vioo. Rafu zake hubeba glasi, vikombe, sahani na chupa za chai ambazo hutolewa siku ya wageni tu. Anayelitazama kabati hilo akizikumbuka zidaka za Lamu hataiona tofauti ya nia: vyombo vilivyopatikana kwa jasho, vikapangwa kwa safu ili vionekane. Juu ya kabati hukaa picha za familia, cheti cha mtoto aliyehitimu, kalenda. Nyumba ya Mkristo ina Msalaba au Moyo Mtakatifu wa Yesu mahali ambapo jirani Mwislamu ameweka picha ya Kaaba. Mpangilio ni uleule.

Changamwe pia ni karakana ya mapambo ya dunia. Kwenye barabara ya Port Reitz, iendayo uwanja wa ndege, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, kilichoanzishwa mwaka 1963. Ufundi huu huanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, ambaye baada ya kutumikia katika Vita Vikuu vya Kwanza alirudi kutoka Tanganyika na ujuzi wa kuchonga mpingo kwa ajili ya kuuza. Katika vibanda vya ushirika, gogo hupita mikononi mwa watu kadhaa: anayekata umbo kwa shoka na tezo, anayechonga kwa patasi, anayesugua kwa msasa, anayetia rangi au nta. Mpingo na muhugu ilitumika sana hadi ikaadimika, na muhugu ukazidi kutoweka katika misitu kama Arabuko-Sokoke. Wachongaji wengi wakageukia mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na unaoota upesi pwani, pamoja na mwembe. Mabadiliko hayo yameleta rangi nyepesi na mishipa mipana katika vinyago, bakuli na viti. Kazi hizi hupamba hoteli na sebule za nchi nyingi. Ni haki zionekane zaidi katika sebule za Changamwe yenyewe.

Kisauni: majlisi, jipsam na karakana

Kisauni, kwa mipaka yake ya zamani, ilishika kuanzia Kongowea na Nyali hadi Bamburi na Shanzu, na ndani ya eneo hilo utajiri na uhaba hukaa jirani. Majumba ya Nyali yana bustani na walinzi. Mitaa ya Mtopanga, Mlaleo na Mwandoni ina nyumba zilizobanana. Mtindo mmoja umevuka mipaka hiyo: majlisi.

Majlisi ni sebule ya kukaa chini. Magodoro membamba ya sponji hukatwa kwa kipimo cha kuta, yakavikwa kitambaa kizito chenye maua au michirizi ya dhahabu, na kuzungushwa pande tatu za chumba. Mito ya kuegemea husimamishwa ukutani, na takia za kuwekea mkono hugawa nafasi za watu. Tamvua hushonwa kwenye kingo. Katikati hutandikwa zulia, na juu yake sinia la kahawa, halua na tende. Asili yake ni mabaraza ya Waarabu, na mtindo huu ulikuja kwa njia mbili: ukoo wa kale na Oman na Hadhramaut, na safari za sasa za wanawake na wanaume wa pwani wanaofanya kazi Ghuba, ambao hurudi na mazulia, vyetezo vya umeme na mazoea ya macho. Mtindo huu umependwa kwa sababu unaafiki nyumba ndogo. Watu wanane wanaweza kukaa mahali ambapo makochi yangeketisha wanne, na usiku wageni hulala papo hapo.

Juu ya majlisi hutazama dari. Fundi wa jipsam huanza kwa fremu ya vyuma vyepesi au mbao, akapigilia bao za jipsam, akaziba maungio kwa utepe na unga uliokorogwa, akasugua, kisha akapaka rangi. Anayejua kazi hujenga ngazi mbili au tatu za dari, akaficha taa ndani ya kingo ili mwanga utokee bila balbu kuonekana. Kuta hutiwa nguzo za bandia, matao na vishubaka. Katika nyumba kadhaa za Kisauni vishubaka hivyo hubeba vyombo vya kioo na misahafu, na hivyo zidaka zimerudi kwa malighafi mpya. Kasoro ya jipsam ni unyevu: paa likivuja au hewa ya chumvi ikikaa ndani, bao huvimba na kuota kuvu. Chokaa ya matumbawe, iliyochomwa na kulainishwa kwa muda mrefu, ilipumua na kudumu karne. Fundi wa leo angefaidika kujua zote mbili.

Katika barabara ya Malindi kuna Bombolulu, karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 na kuendeshwa na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya. Hapo hutengenezwa mapambo ya shaba na shanga, vitambaa vilivyopigwa chapa kwa mkono, bidhaa za ngozi na vinyago. Kituo cha utamaduni kilicho ndani yake kina maboma ya jamii mbalimbali za Kenya, ambamo mgeni huona kitanda, chungu, kigoda na ghala mahali pake pa asili. Ni miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo msafiri anaweza kulinganisha mpango wa ndani wa nyumba za pwani na za maeneo mengine ya Kenya kwa saa moja. Mafundi wake wanathibitisha jambo la msingi: mkono uliofundishwa vyema hutoa kazi nzuri, na heshima ya kazi hiyo ni ya fundi mwenyewe.

Mwisho wa njia, Shanzu, hoteli ya Serena imejengwa kwa mfano wa mji wa Waswahili, yenye vichochoro, matao, milango ya nakshi na vyumba vyenye samani za mtindo wa Lamu. Hoteli za aina hii zimewapa kazi maseremala na wachongaji na kuwaonyesha wenyeji kwamba urithi wao una thamani. Lakini chumba cha hoteli kimegandishwa katika wakati mmoja. Chumba cha Mlaleo kinabadilika kila Idi, kila harusi na kila anaporudi ndugu kutoka Muscat, na kwa hiyo kiko karibu zaidi na nyumba za kale kuliko nakala zake.

Mapambo ya siku moja

Ufahari mkubwa kuliko wote hudumu siku chache. Harusi ya Kiswahili ina usiku wa kupamba, ambapo bi harusi huonyeshwa kwa wanawake akiwa amekaa kwenye jukwaa. Jukwaa hilo hujengwa ndani ya ukumbi au hema mtaani: kitambaa cha satini hukunjwa kwa mawimbi nyuma ya kiti kikubwa, maua halisi na ya bandia hushonwa kwenye matao, taa huelekezwa ili zing'arishe hina na dhahabu. Nyumbani, chumba cha maharusi hupambwa kwa asumini na waridi kitandani, na udi hufukizwa katika shuka na nguo. Wapambaji wa harusi wa Mombasa, wengi wao wanawake, hubuni rangi mpya kila msimu, na yaliyopendwa jukwaani huonekana baadaye katika mapazia na mito ya majlisi. Jukwaa la harusi ndilo uwanja wa majaribio wa mapambo ya nyumba.

Vyombo vya usafiri navyo, ingawa mapambo yake si ya siku moja, vimepewa upambaji uleule. Matatu za Likoni, Changamwe na Kisauni, na tuktuk zinazoingia mitaa ya ndani, hushonewa viti vya ngozi bandia vya rangi mbili, zikatiwa mapazia madogo, taa na spika. Kanuni za usafiri wa umma zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki zilileta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, na michoro ya nje ikapungua sana kwa miaka. Muongo mmoja baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani sanaa hiyo ya vijana, ikashamiri tena. Ndani ya tuktuk yenye nafasi ya watu watatu, dereva hupanga mito, maua na dua ya safari kwa uangalifu uleule wa mama anayepanga kabati.

Wabunifu wenye majina na wasio na majina

Afrika Mashariki imewahi kuwa na wabunifu wa ndani waliosifiwa duniani kwa vyumba vya aina hii. Alan Donovan, Mmarekani aliyefika Kenya mwaka 1970, alianzisha African Heritage jijini Nairobi pamoja na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya. Nyumba yake inayotazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilichanganya usanifu wa udongo wa Afrika Magharibi na wa pwani ya Waswahili, na kila ukuta ukabeba vitambaa, vinyago na vyombo vya bara zima. Reli mpya inayoanzia Miritini, nje kidogo ya Changamwe, ilipotishia kuipitia, nyumba hiyo ilitangazwa kuwa turathi ya taifa. Donovan alifariki mwaka 2021. Huko Unguja, Emerson Skeens, naye Mmarekani, aligeuza nyumba za kale za Mji Mkongwe kuwa hoteli ambazo kila chumba kilikuwa na rangi, kitanda na hadithi yake, hadi alipofariki mwaka 2014.

Wote wawili walistahili sifa. Lakini walichokifanya kwa fedha na nafasi, wenye nyumba wa Likoni, Changamwe na Kisauni hukifanya kwa futi kumi kwa kumi: kukusanya, kuchagua, kuoanisha, kuweka heshima ya mgeni mbele na faragha nyuma. Tofauti iliyopo ni ya kumbukumbu. Nyumba za wale wawili zimepigwa picha na kuandikiwa. Chumba cha Mtongwe, Likoni, huvunjwa barabara inapopanuliwa, na hakuna aliyekichora ramani.

Upungufu huu unarekebishika. Makumbusho ya Fort Jesus yanahifadhi viti vya enzi na milango ya nakshi. Yanaweza pia kukusanya vitambaa vya kufuma vya Changamwe, mikeka ya Likoni na vipande vya dari za Kisauni, pamoja na majina ya waliovitengeneza. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufundisha chokaa pamoja na jipsam, na kuwaalika wasukaji wa ukili kama walimu wenye malipo. Wanafunzi wa usanifu wa majengo wanaopelekwa Lamu wavukishwe pia feri ya Likoni, wakapime nyumba ambazo bado zina watu. Na kila familia yenye mkeka, kasha au kitambaa cha bibi iandike nyuma yake jina la aliyekitengeneza, mahali na mwaka, maadamu wapo wanaokumbuka.